Mkono wa Kwanza Mlangoni

Kama kuna mwanamume aliyewahi kumwomba Mungu mpenzi wake achelewe njiani, basi ni Cormac Linehan, Jumatano ile, saa sita kasorobo mchana, akiwa amelala kifudifudi darini kwa mama yake huku macho ameyakodolea njia.

Chini yake, jikoni, chuma cha plau kilikuwa motoni. Mama yake, Johanna, alikifungua mwenyewe kwenye plau asubuhi, akakizika katikati ya makaa ya mboji, ule udongo mkavu wa bwawani tunaouchoma kama kuni. Kisha akafunga mlango wa mbele na wa nyuma, akaziba tundu la ufunguo kwa kitambaa na madirisha kwa magunia. Katika parokia ya Kilnadrum hakuna asiyejua maana ya mambo hayo. Mara tatu tangu Mei ianze Johanna alikuwa amesuka malai yake, na mara tatu malai yaligoma kuwa siagi. Yalitoa povu, yakapanda, yakashuka, basi. Ng'ombe ni wale wale, pipa ni lile lile na limesuguliwa mpaka limekwisha rangi. Siagi imeibwa, na si kwa mkono wa kawaida.

Dawa ya wizi huo ni moja. Chuma kikishaiva, mwizi huungua kifuani huko huko aliko, na hatatulia mpaka aje mbio kugonga mlango wa aliyemwibia. Mkono wa kwanza kugonga ndio ulioiba.

Na Cormac alikuwa amemwambia Eily Moynihan aje saa sita kamili.

Alimwambia Jumapili baada ya misa, kwenye ukuta wa kanisa, wakati watu wengine wakiulizana habari za ndama na mvua.

"Jumatano," alisema. "Njoo nyumbani. Nitakuwa nimeshasema na mama."

"Wewe?" Eily alicheka, macho yake ya kijivu yakampitia Cormac mpaka kisogoni. "Unamwogopa mama yako kuliko unavyoogopa fahali."

"Nitasema naye, Eily. Naapa."

"Usiape. Fanya."

Alikuwa karibu sana naye, mpaka Cormac alinusa mvua kwenye nywele zake. Hapo ndipo alipoharibu kila kitu. Swali alilokuwa akilizuia siku nyingi likamtoka.

"Ile siku ya kwanza ya Mei, uliamka saa ngapi?"

Kicheko kikakatika. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Nililala mpaka jogoo akachoka kuwika," Eily alisema, na aliyasema hayo akiangalia viatu vyake.

Ulikuwa uongo. Cormac alijua, kwa sababu alimwona. Alfajiri ya siku ya kwanza ya Mei, kutoka dirisha hili hili dogo la dari, alimwona Eily Moynihan ndani ya shamba la akina Linehan la bwawani, ameinama kwenye umande karibu na ukuta wa mawe. Aliokota kitu, akakitia kwenye kopo, akalificha kopo ndani ya shali, akakimbia. Na kwetu mwanamke akiinama kwenye umande wa shamba la mtu asubuhi hiyo ya mwaka, haulizwi amedondosha nini. Umande wa asubuhi hiyo ndio siagi ya mwaka mzima, na anayeuchota anaondoka nayo yote.

Hakumwambia mtu. Lakini Madge Tuohy, mjane wa jirani, naye alikuwa na macho, na macho ya Madge hayajawahi kuona kitu yakakitunza.

Sasa Madge alikuwa jikoni, ameketi kando ya moto na kiko chake, akimsaidia Johanna kwa mdomo. Mbao za dari zilikuwa na nyufa, na Cormac alisikia kila neno.

"Lisemwalo lipo, Johanna. Kama halipo, laja."

"Sijasema ni nani," alijibu Johanna. Alikuwa anasuka, mchi ukipanda na kushuka ndani ya pipa kwa mlio ule ule wa maji maji.

"Mimi nimesema. Nilimwona kwa macho yangu anachota umande kwa kopo. Nyumba ya akina Moynihan haijawahi kukosa siagi hata mwaka mmoja, umeshajiuliza kwa nini? Na mwanao ndiye anamfungulia geti. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Cormac hana neno na msichana yule."

"Hana? Haya. Dympna wangu anasema kanisa zima liliwaona Jumapili."

Dympna alikuwa mpwa wa kike wa Madge, na Madge alikuwa amempigia Cormac hesabu za ndoa tangu Cormac anavaa kaptura. Johanna aliongeza kasi. Mchi ukapanda, ukashuka.

"Hebu nisaidie kidogo, Madge. Mikono imekufa ganzi."

"Ningekusaidia, shoga yangu, bega hili tu. Tangu Pasaka halinyanyui hata kijiko."

Johanna akashusha pumzi, akainua uso kuelekea dari. "Cormac! Unamwona mtu?"

"Hapana, mama."

"Ukimwona, nyamaza. Usimwite, usimpungie mkono. Aje na mguu wake."

Yeye mwenyewe ndiye aliyempandisha huko awe mlinzi, na ndiyo maana dirisha la dari peke yake halikuzibwa. Cormac akakumbuka ahadi yake ya Jumapili. Hakusema na mama. Jumatatu alisema atasema Jumanne. Jumanne malai yaligoma mara ya tatu, na akaahirisha tena.

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa woga wa mama. Alikuwa hamjui Eily. Anampenda mpaka mkate haushuki, na hamjui. Kwa nini alidanganya? Mtu asiye na hatia huficha nini?

Ndipo shali ya buluu ikatokea kwenye kona ya njia.

Alikuwa anakuja upesi, amenyoosha shingo, amevaa viatu vya kanisani siku ya Jumatano. Hatua kama mia mbili, kisha mkono ule utagonga mlango ule, na jina la Eily Moynihan litakuwa limekwisha katika parokia nzima. Hakuna atakayempa moto wala maziwa, na wanawake watafunika ndoo zao akipita. Watoto wake, kama atawapata, wataitwa watoto wa mwizi wa siagi.

Cormac hakufikiri. Alipitisha miguu kwenye dirisha, akapitisha kiuno kwa shida, akajiachia juu ya rundo la mboji lililokuwa chini ya ukuta wa nyumba. Aliteleza nalo mpaka chini, akainuka mweusi kuanzia magotini hadi kidevuni.

Eily alikuwa amesimama mbele yake, mkono mdomoni.

"Mwanamume mwenyewe ndiye huyu?" alisema. "Nyumba yenu haina mlango?"

"Sauti yako! Njoo huku, nyuma ya mboji."

"Nimeitwa nije, nimefika nanyamazishwa?"

"Eily, tafadhali." Akamvuta mkono. "Mama ametia chuma motoni. Mlango umefungwa. Anamsubiri atakayegonga."

Rangi ikamtoka Eily usoni, midomo pamoja. Na hapo, Mungu amsamehe, moyo wa Cormac ukamwuliza: amepauka kwa kuogopa, au kwa kuungua?

"Unasikia chochote?" aliuliza.

"Nisikie nini?"

"Hapa. Kifuani. Moto."

Eily alimtazama muda mrefu. Kuna macho ambayo mwanamume akitazamwa nayo mara moja, hatayasahau hata akizeeka na kupoteza meno.

"Nasikia," alisema polepole. "Ila si chuma cha mama yako kinachoniunguza, Cormac Linehan."

Akageuka aondoke. Cormac akamwahi.

"Nilikuona! Alfajiri ile, shambani kwetu. Ukaniambia ulilala."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilikuona, basi."

"Na Jumapili ukanishika mkono mbele ya kanisa. Ukanikaribisha kwenu. Na muda wote huo moyoni mwako unaniita mwizi."

"Sikukuita mwizi."

"Uliniitaje?"

Machozi yalikuwa yamejaa macho ya Eily lakini hayakushuka, alikuwa na kiburi cha kutosha kuyazuia.

"Niambie ulichukua nini," Cormac alisema. "Chochote kile. Ukisema umande, nitasimama na wewe. Lakini niambie. Mficha uchi hazai."

"Sisemi."

"Eily."

"Nitakufa kwa aibu, sisemi!"

"Mama yangu atakufanya ufe kwa jambo baya zaidi."

Eily akatazama juu, akatazama chini, akatazama bata waliokuwa wakipita. Kisha akasema kwa sauti ndogo kama ya mtu aliye kitubioni:

"Konokono."

"Nini?"

"Konokono! Nilichukua konokono! Umesikia sasa, au niite na Padri?"

Cormac alibaki mdomo wazi. Alikuwa na dada wawili walioolewa, alijua. Msichana akitaka kumjua mumewe, humtafuta konokono kabla jua la Mei halijachomoza, humweka kwenye sahani ya unga, na njia atakayopita konokono ndiyo herufi ya jina la mume.

"Kwenu hakuna konokono?" aliuliza kwa upole.

"Wapo tele." Eily alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Sikuwataka wa kwetu. Nilitaka wa ukuta wako."

Hapo Cormac alihisi kitu kigumu kilichomkaa kifuani siku zote zile kinaachia. Alitaka kumkumbatia, lakini mikono yake ilikuwa mboji tupu.

"Na... akaandika?"

"Mstari. Mstari mnyoofu kama barabara ya Limerick, akafika ukingoni akalala."

"Halafu?"

"Usiniulize."

"Halafu, Eily?"

"Halafu nikachukua kijiti nikamsukuma! Umeridhika? Mwanamke mzima wa miaka ishirini na sita, amepiga magoti jikoni saa kumi na moja alfajiri, anamfundisha konokono kuandika C. Ilimchukua robo saa, na hata hivyo ilitoka imepinda."

Cormac akacheka, akajiziba mdomo kwa kiganja, akajipaka weusi zaidi. Lakini wivu ni mgeni asiyejua kuaga. "C ni ya Con fundi baiskeli pia."

"Con ana ukuta wake na konokono wake. Wewe mtu, hata ukipewa pepo utaomba risiti?"

Ndani ya nyumba sauti ya Madge ikapaa. "Johanna! Hebu shuka! Kuna watu nje, nawasikia!"

Wote wawili wakainama nyuma ya mboji. Kicheko kikawaishia.

"Nikiondoka nimekimbia," Eily alinong'ona. "Ameshatusikia. Atafungua ataona shali yangu njiani, atasema chuma kilinileta nikashindwa kuvumilia."

"Ndiyo."

"Na nikigonga nimejileta."

"Ndiyo."

"Basi nifanye nini, Cormac?"

Alikuwa akimuuliza yeye, mwanamume aliyeahirisha neno moja siku tatu. Cormac akaitazama nyumba aliyozaliwa, moshi ukipanda bombani. Akafikiri juu ya mama yake, mjane, mwenye mwana mmoja tu wa kiume. Halafu akamtazama Eily, na viatu vyake vya kanisani vilivyojaa matope kwa ajili yake.

"Nifuate," alisema. "Usiguse kitu."

Akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akakunja ngumi, akagonga. Mara tatu, kwa nguvu, kama mwenye haki.

Ndani kiti kikaburuzwa. Halafu Madge: "Yesu na Maria! Amekuja!"

"Nani?" Johanna aliuliza.

"Mwizi wako," Cormac alisema.

Komeo likavutwa. Johanna alisimama mlangoni, mikono imeloa malai, akamtazama mwanawe aliyejaa mboji, kisha msichana aliyekuwa hatua mbili nyuma yake. Hakuuliza alitokaje darini. Aliyeuliza ni Madge.

"Huyu si alikuwa juu? Cormac! Toka hapo, unamkinga! Johanna, mwangalie msichana alivyoiva uso!"

"Mkono wa kwanza mlangoni ni wangu, mama," Cormac alisema. "Wewe mwenyewe umenifundisha. Mkono wa kwanza ndio ulioiba."

"Mtoto haibi siagi ya mama yake," alisema Johanna.

"Basi chuma kimekosea. Na kama kinaweza kukosea kwangu, kinaweza kukosea kwa yeyote. Lakini kama hakikosei, mama, mwizi ni mimi. Nitoe nje leo hii, nitaenda, na huyu nitaenda naye. Nilitakiwa nikwambie tangu Jumatatu. Nampenda Eily Moynihan, na nikioa, nitamwoa yeye."

Johanna aligeuka akatazama moto. Chuma kilikuwa chekundu kuanzia ncha hadi shina, kinang'aa, unaweza kusomea sala kwa mwanga wake. Alikitazama muda mrefu.

"Kimepoa," alisema.

"Kimepoa?" Madge aliruka. "Johanna, kinawaka!"

"Kwangu mimi kimepoa."

Eily bado alikuwa nje ya kizingiti. Aliinua kidevu. "Mungu abariki kazi," alisema, kama anavyopaswa kusema mtu yeyote anayekuta pipa linasukwa.

Ni maneno ambayo mwizi wa siagi hawezi kuyasema, au ndivyo tunavyoambiwa. Johanna alimpima kwa macho kuanzia juu hadi chini.

"Nawe pia. Vua shali. Humu haingii mtu pipa likiwa na malai akakaa bure."

Lakini kabla hajamwachia mchi, alichota chumvi kidogo mtungini, akainyunyiza ndani ya pipa mbele ya macho ya Eily. Chumvi ya kinga. Cormac alitamani ardhi immeze.

"Ongeza, Bi Johanna," Eily alisema kwa utulivu. "Ya chumvi ndiyo tamu."

Midomo ya Johanna ikacheza kidogo, ikatulia. Eily akashika mchi, akaanza. Alisuka vizuri, mgongo umenyooka, bila haraka. Johanna alisimama kando yake bila kumtazama usoni, alitazama mikono tu. Cormac aliegemea ukuta, na moyo wake ukamletea balaa jipya: siagi isipokuja, watasema ameishikilia. Ikija, watasema ameirudisha. Hakuwa na cha kuomba.

Dakika ishirini zikapita. Jasho likamshuka Eily kwenye paji la uso, na hakuomba kupokewa. Kisha mlio ukabadilika. Ule wa maji maji ukawa mzito, dum, dum, kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya jirani. Johanna ndiye aliyesikia kwanza.

"Usiache," alisema haraka. "Usiache, mwanangu, imeshika."

Akafunua kifuniko. Punje za manjano zilikuwa zinaelea, zimeanza kushikana.

"Si nilisema!" Madge alikuwa amesimama, kiko mkononi. "Amerudisha! Mkono ulioiba ndio uliorudisha! Unataka ushahidi gani zaidi?"

Johanna alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Madge. Umekaa hapa tangu asubuhi."

"Nimekuja kukusaidia, shoga."

"Na mchi hukuugusa."

"Si nilikwambia, bega..."

"Bega. Wiki iliyopita nilisuka mara mbili, ulikuja mara zote mbili. Ulikaa hapo hapo, na bega lako. Huyu amesema Mungu abariki kazi kabla hajavuka kizingiti. Wewe sijakusikia ukilisema hilo tangu Mei ianze. Kikulacho ki nguoni mwako. Si ndivyo ulivyoniambia?"

Madge akatia kiko chake mdomoni. Akajitanda shali yake, kwa mkono ule ule wenye bega bovu, akatoka. Johanna alimsindikiza kwa macho mpaka getini kuhakikisha hakuondoka na kaa la moto kwenye kiko, kwani moto ukitolewa nyumbani siku ya kusuka, siagi huufuata. Kwetu shaka haifi, huhama nyumba tu, na mchana ule ilihamia kwa Madge Tuohy na virago vyake vyote.

Johanna akarudi, akaanza kukusanya siagi kwa mwiko wa mbao. Cormac alikuwa amemsogelea Eily. Hawakugusana, walitazamana tu, na hilo peke yake lilikuwa jingi kwa jiko la mjane.

"Umemtoa ukuta upi?" Johanna aliuliza bila kuinua uso.

Eily akashtuka. "Nimemtoa nani, mama?"

"Konokono. Nilipanda darini kumtafuta mlinzi wangu, nikakuta dirisha limeachwa wazi, na sauti zenu zinapanda. Madge aliniambia kopo la umande. Angeniambia konokono, nisingeharibu mboji ya siku nzima."

Uso wa Eily ukawa rangi ya chuma cha motoni. "Ukuta wa bwawani," alisema.

"Mh." Johanna aliipiga siagi mwiko mmoja, ikatema maji. "Hapo hapo ndipo nilipomtoa wa kwangu, nikaolewa nyumba hii."

"Naye aliandika?" Eily aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wapi!" alisema Johanna. "Wa kwangu nilimsukuma na sindano ya kufumia."